Mwanafunzi akibakwa: mambo ambayo shule inapaswa kuwa imeyapanga kabla

Mwanafunzi aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na akiwahi zaidi ndivyo zinavyomfaa zaidi. Kwa shule ya Mbeya mjini saa hizo zinatosha. Kwa shule ya kata kule Makete, Kilolo au Ileje, masika yakishageuza barabara kuwa tope, zinaweza kuisha watu wakiwa bado wanaulizana nani apige simu. Na Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha VVU nchini Tanzania.

Basi anzeni na usafiri. Nauli iwe imetengwa, dereva awe mtu asiye na mdomo, na mwalimu atakayemsindikiza mtoto ajulikane. Ulizeni mapema ni kituo gani cha afya chenye dawa hizo, maana si kila zahanati inazo, na ni hospitali gani ya karibu yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, isiwe sababu ya kumchelewesha. Atibiwe kwanza, fomu itafuata.

Wekeni ofisini bahasha kubwa za kaki. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe humo, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Kama ameshaoga, apelekwe vilevile. Dawa ni za siku 28 na huleta kichefuchefu. Kwa anayelala bweni, matroni azitunze mahali ambapo wenzake hawataziona, na ahakikishe mtoto anapata uji kabla ya kumeza.

Wanafunzi wote, wavulana pia, wajue ni mwalimu gani wa kumwendea. Mwalimu huyo afundishwe kusikiliza zaidi ya kuuliza: "Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Hujakosa." Swali la "ulikuwa unatafuta nini huko usiku?" humfunga mtoto kinywa, pengine moja kwa moja. Asilazimishwe kusimulia tena mbele ya kamati. Na kama anayetuhumiwa ni mwalimu, mkuu wa shule asijifanye mpelelezi: namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Linaloniuma zaidi ni kumalizana nyumbani. Wazee wanakaa, ng'ombe anatolewa, kesi inakufa, na binti anaendelea kupishana na mtu yule kisimani. Hili lizungumzwe kwenye mkutano wa kijiji kabla halijamkuta mtoto wa yeyote, kwa sababu likishatokea, undugu na aibu husema kwa sauti kuliko sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Binti wa chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa aliridhia, na mtu mzima akitiwa hatiani kwa kumbaka kifungo hakipungui miaka 30. Lakini umri lazima uthibitishwe mahakamani, hivyo nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe kwenye faili la kila mwanafunzi tangu anapoandikishwa.

Akirudi darasani, akute nafasi yake. Akihitaji kwenda kliniki au mahakamani, ruhusa yake itolewe bila kutangazwa mstarini. Akipata mimba, tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, na mzazi aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza kumtafutia mume.