Upepo Ukitulia Ghafla, Usikimbilie Shambani

Sisi wakulima wa Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara tunazijua kusi na kaskazi. Kimbunga ni mgeni wa nadra, ndiyo maana hutukuta hatujajiandaa. Lakini Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia.

Chakula cha kimbunga ni joto la bahari. Maji yakifika nyuzi joto 26.5 hivi, mvuke mwingi hupanda, hupoa ukawa mawingu na kuachia joto ulilolibeba. Hewa yenye joto huzidi kupaa, na ya chini hukimbilia kujaza nafasi. Mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo, nayo huanza kuzunguka. Kwenye ikweta nguvu ya kupinda haipo. Huongezeka kadiri unavyoshuka kusini, kwa hiyo Mtwara iko hatarini kuliko Tanga. Kikipanda nchi kavu hukosa mvuke, upepo hulegea upesi, ila mvua yaweza kuendelea.

Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, pepo zake za mwanzo kwetu huvuma kutokea kusini. Kitovu kikikupitia, kunatulia, pengine hata jua linachungulia. Watu hutoka kwenda kuangalia mikorosho yao, na hapo ndipo roho hupotea, kwani upepo hurudi kwa nguvu, safari hii kutoka kaskazini. Mnazi uliolegezwa mizizi sasa husukumwa upande wa pili, ukaanguka. Nakusihi, kaa ndani mpaka Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze kwamba kimepita.

Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Basi mkorosho wenye matawi yaliyosongamana ni kama tanga lililotwekwa. Upogoe baada ya mavuno, uondoe matawi makavu, yenye ufa na yanayosuguana, usisubiri tangazo la redio. Ukipanda mivinje kukinga shamba, acha upepo upenye kidogo: ukizuiwa kabisa huruka juu na kushuka nyuma ya safu kwa vurugu.

Tahadhari ikitolewa, ng'oa muhogo uliokomaa kadiri unavyoweza kula, kuuza au kuanika makopa, maana maji yakituama mizizi huoza kwa siku chache. Pingili za mbegu zifunge mafungu, uzisimamishe kivulini mahali pa mwinuko. Ufuta uliokwisha kukatwa usiuache shambani hata usiku mmoja. Mbegu nyingine zitie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Kikishapita, anza na mifereji, maji yatoke. Kisha inua mikorosho michanga iliyolala wakati udongo bado laini, uiegemeze kwa nguzo pande mbili na kuishindilia udongo shinani.