Gari la kugeuza nyumba: chagua bodi kwanza, injini itapatikana

Wengi wanaokuja karakanani kwangu Tudor, Mombasa, na gari wanalotaka ligeuzwe kempa, yaani gari la kulala safarini, huanza kwa kunisifia injini. Ni dizeli, hainywi sana, imefunguliwa juzi tu. Mimi huinama kwanza nikatazama chini. Hapa kwetu chumvi iko hewani mwaka mzima, iwe kusi au kaskazi. Injini ya Toyota HiAce au ya Nissan Caravan iliyotoka Japani ukiitafuta mjini utaipata, na fundi wa kuifunga yupo. Bodi iliyoliwa na kutu haina duka la kuiuza, na ukishaipigilia plaiwudi na makabati hutaiona tena mpaka iwe imetoboka.

Hatua ya 1: Pima kitanda kabla ya kupima bei

Chukua futikamba. HiAce ndefu ya kawaida, umbo lile lililoanza 2004, ina urefu wa mita 4.695, upana mita 1.695 na kimo mita 1.98. Ile ya mizigo, sakafu yake nyuma ya viti vya mbele ni kama mita 3 kwa 1.52. Kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kukingama. Kitanda kitafuata urefu wa gari, kitachukua mita 1.9, na utabakiwa na mita 1.1 ya jiko na nafasi ya kuvulia viatu. Kwa watu wawili wanaopendana inatosha.

Ukitaka gari refu na pana zaidi, iko super long ya paa la juu: urefu mita 5.38, kimo 2.285. Ni raha kuilalia, ila maegesho ya chini ya majengo mengi utayaaga. Ujue pia kwamba kwenye HiAce na Caravan injini iko chini ya viti vya mbele. Joto lake hupanda ndani, na viti hivyo si rahisi kuvigeuza vitazame nyuma kama unavyoona kwenye video za Ulaya. Usipange sebule yako kwa kuvitegemea.

Hatua ya 2: Jua gari limeishi maisha gani

Gari la mizigo lisilo na vioo ubavuni ndilo rahisi kujengea, kwa kuwa unakata madirisha unapotaka wewe. Lakini bila upepo, usiku wa Februari humo ndani hulali. Hesabu gharama ya madirisha na feni tangu mwanzo.

Matatu iliyostaafu ina vioo vya kuteleza na bei yake huwa nafuu. Shida yake ni sakafu: viti kumi na vinne vimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, matundu yakachomelewa juu juu, na maji ya kuoshea yakajificha chini ya mkeka.

Ninalolipenda kuliko yote ni gari la watalii lenye paa la kuinuka, haya yanayokwenda Tsavo. Paa lile limekwisha kukatwa na kuimarishwa. Ukilinyanyua unasimama wima, upepo unapita juu, na ukizungushia turubai na neti ya mbu una nyumba. Kagua pembe nne za mkato wa paa, maana barabara za mbugani hutikisa bati mpaka likapasuka hapo. Kisha funga paa, omba mpira wa maji, keti ndani na tochi huku mtu akilimwagia kwa dakika kumi. Tone moja pembeni ni kazi ya kubadilisha mpira wa kuzibia paa. Maji yakifuata ukuta mpaka sakafuni, kutu imeshaanza pahali usipopaona.

Hatua ya 3: Tafuta kutu kwa mikono yako

Nenda na sumaku, bisibisi, nyundo ndogo, tochi ya kichwani na gunia la kulalia. Sumaku ipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Isiponata, hapo pana puti nene badala ya bati. Gonga kwa nyundo: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya kadibodi. Lala chini utazame pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Kutu ya juu juu inayokwanguka kwa bisibisi haitishi. Bisibisi ikizama, ondoka, hata bei ikipunguzwa nusu.

Halafu omba ruhusa uinue mkeka, hasa kwenye ngazi ya mlango wa kuteleza, na uchungulie mifereji ya paa na pembe za chini za kioo cha mbele. Mimi niliwahi kununua gari bila kuinua mkeka kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka. Nilijenga kitanda, sinki na kabati la mvule. Miezi minane baadaye mguu wa mteja ulizama sakafuni. Nilibomoa kila kitu kwa gharama yangu, na mvule ule niliukata kwa uchungu.

Ukiagiza Japani, soma mchoro wa gari kwenye karatasi ya mnada. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipotengenezwa. Herufi za kuogopa ni S, yaani kutu, na C, yaani bati lililoliwa. Magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, kwa hiyo uliza lilikotumika.

Hatua ya 4: Injini

Fika asubuhi mapema na uguse injini; ikiwa ya moto, limewashwa kukusubiri. Inua kiti, angalia mafuta yanayovuja kwenye nozo. Kisha lipeleke mlima wa Mazeras huku AC ikiwaka, na urudi kwenye foleni ya Changamwe. Mshale wa joto usisogee. Moshi wa samawati maana yake linakula oili, nawe punguza bei kwa kiasi cha injini nyingine.

Hatua ya 5: Karatasi

Namba ya chesisi ilingane na logbook, ile hati ya umiliki wa gari. Jina la benki likiwa kwenye logbook, deni halijaisha. Gari linaloingizwa Kenya lazima liwe la usukani wa kulia na lisiwe limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Matatu au gari la watalii likigeuka la kulala, matumizi yake yamebadilika. Zungumza na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima kabla ya kung'oa kiti cha kwanza.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza nyumbani

Usikate chochote. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima chenye chumvi. Acha likauke juani siku mbili, ng'oa mkeka wote, kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, na matundu yote ya viti uyazibe kwa bati jipya. Baada ya hapo ndipo uniite nije na msumeno.