Vifaranga wa sato wanakufa wiki ya kwanza kwenye tenki jipya? Angalia maji kabla ya kumlaumu muuzaji

Malalamiko ni yale yale huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Uyole mpaka Mafinga. Mtu kajenga tenki safi kabisa, kafunga pampu ya hewa, kaleta vifaranga mia tatu wa sato, siku mbili za mwanzo wanacheza vizuri, ikifika siku ya nne au ya tano wanaanza kuelea mmoja mmoja, wiki haijaisha limebaki tenki na maji yake. Wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji, eti kauza mbegu mbovu. Wakati mwingine ni kweli, ila ukiuliza tenki lilijazwa maji lini unajibiwa "juzi", na hapo tayari umeshajua kilichowaua.

Tenki jipya linakosa bakteria. Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inatokea kwenye matamvua anapohema, nyingine inatoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki chini, na amonia ni sumu. Kwenye maji yaliyokomaa kuna kundi la bakteria linaloigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo sato anaivumilia vizuri tu. Hawa bakteria wengi wao wanajishika kwenye kuta, kwenye kokoto, kwenye sponji ya filta, ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole. Tenki la juzi halina utelezi huo, kwa hiyo kuweka samaki mle ni kama kuhamishia familia kwenye nyumba isiyo na choo. Na hili haliko kwa sato peke yake, hata wanaofuga samaki wa urembo wa maji chumvi kwenye vioo wanapoteza samaki wapya kwa sababu hii hii.

Hebu tupige hesabu kidogo maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 35 inaacha kwenye maji karibu gramu 30 za amonia. Chukua simtanki la lita 1,000, ukilisha gramu 100 kwa siku umeongeza kama miligramu 3 kwa kila lita, na hiyo ni siku moja tu, kesho unaongeza nyingine na hakuna bakteria wa kuila. Ubaya wa amonia unategemea pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, ikizidi hapo maji yanaelekea kuwa ya magadi. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1, ikipanda pH 8 inakuwa kama asilimia 5, ikifika 9 inaruka mpaka zaidi ya theluthi. Sato anaanza kukosa hamu ya kula sumu hiyo ikifika miligramu 0.08 kwa lita, na kwenye 0.2 vifo vinaweza kuanza. Sasa rudi kwenye zile miligramu 3 uone kwenye pH 8 unafika wapi kwa siku moja.

Ndiyo maana tenki jipya la simenti ni hatari mara mbili. Simenti mbichi inatoa chokaa kwenye maji na pH inapanda vibaya, inaweza kupita 10. Usilione jeupe limekauka ukadhani liko tayari. Lijaze, acha siku kadhaa, mwaga, sugua kuta kwa brashi, jaza tena, rudia hivyo kwa wiki mbili au tatu mpaka pH ikae chini ya 8.5. Kipimo cha karatasi cha pH ni bei ndogo ukilinganisha na vifaranga mia tatu, nunua tu.

Halafu kuna baridi yetu, na hili ushauri mwingi unaotoka ukanda wa joto hauligusi. Wanakuambia maji yanakomaa kwa wiki nne mpaka sita, sawa, ila ni kwenye maji ya nyuzi 25 kwenda juu. Huku Mbeya mjini, Njombe, Mufindi, mwezi wa sita na wa saba maji ya tenki asubuhi yanakuwa ya baridi kali na bakteria wanazaliana polepole sana, kwa hiyo hesabu wiki nane au zaidi. Sato mwenyewe anataka nyuzi 25 mpaka 30, chini ya 20 kula kunapungua, zikikaribia 16 anaacha kabisa, na zikishuka mpaka 12 au 10 anakufa. Mfugaji anaona hawali anaongeza chakula ili "wazoee", chakula kinaoza chini, amonia inapanda. Asipokula usimlishe jamani! Kyela kule chini ziwani mambo ni tofauti, wao joto wanalo.

Jinsi ya kukomaza maji: jaza tenki, washa pampu ya hewa na filta, kisha tupia chakula cha samaki kidogo sana, kijiko kimoja kwa lita 1,000 kila baada ya siku mbili tatu, kioze kiwape bakteria chakula wakati bado hakuna samaki. Ukimpata jirani mwenye tenki la zamani ambalo samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji ya filta au ndoo ya kokoto zake, zisafirishe zikiwa na unyevu, usizioshe kwa maji ya bomba, ukiziweka kwako unaokoa wiki kadhaa. Kama samaki wake wanaumwa achana nazo, utabeba na magonjwa. Kipimo cha amonia na naitraiti kikikuonyesha amonia ilipanda ikashuka, naitraiti ikapanda nayo ikashuka, hapo ingiza vifaranga wachache, ishirini au thelathini kwanza, wakitulia wiki mbili ndipo ongeza.

Siku ya kuwapokea nako kuna mtego. Mfuko uliosafiri usiku kucha kwenye basi umejaa hewa chafu waliyohema, hewa hiyo inashusha pH ya maji ya mfuko na amonia iliyomo inakuwa imetulia. Ukishafungua, hewa inatoka, pH inapanda, amonia inageuka kali ghafla. Kwa hiyo uache mfuko uelee kwenye tenki ukiwa umefungwa dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, ukifungua ongeza maji ya tenki kidogo kidogo ndani ya dakika kama kumi, kisha waingize samaki kwa wavu na maji ya mfuko umwage nje. Siku hiyo usiwalishe.

Wakianza kuhema juu ya maji pima amonia na naitraiti haraka. Ukifunua mashavu ya aliyekufa ukakuta matamvua yana rangi ya kahawia badala ya nyekundu, shuku naitraiti, inazuia damu kubeba oksijeni, na hii hujitokeza zaidi wiki ya pili na ya tatu wakati mtu ameshajipongeza kwamba wamepona. Acha kulisha, badilisha theluthi ya maji kwa maji yenye joto linalolingana, weka chumvi ya kawaida kilo moja kwa lita 1,000 ukiwa umeiyeyusha kwanza, chumvi inazuia naitraiti isiingie kwenye matamvua. Kesho yake badilisha maji tena, na rudishia chumvi kwa kiasi cha maji uliyotoa.

Maji ya bomba yaache kwenye chombo cha wazi siku mbili klorini itoke, la sivyo unawaua samaki na bakteria kwa pamoja. Maji ya chemchemi yaangushe kutoka juu yapate hewa. Na kwa wanaolima viazi au pareto jirani na tenki, bomba la kupulizia dawa lisioshwe kabisa karibu na tenki, dawa zinazotokana na pareto ni sumu kali mno kwa samaki hata kiasi kidogo.

Mwenye mpango wa kuanza mwaka huu, jaza maji mwishoni mwa mwezi wa nane, komaza mwezi wa tisa wote, na vifaranga agiza wafike mwezi wa kumi au wa kumi na moja joto likiwa limepanda. Kabla hujatuma hela muite bwana samaki wa wilaya yako aje apime maji.