Kabla ya Kuezua Paa la Asbesto Mjini Moshi

Mjini Moshi bado yapo majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa mabati mazito ya kijivu, ambayo ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Yakiwa mazima, hutoa nyuzi chache. Siku ya kuezua ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu nyundo na grenda huyageuza vumbi lisiloonekana, na saratani ya mapafu au ya utando wake huweza kujitokeza hata baada ya miaka 20 hadi 40.

Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei na fundi, ni vyema kujua mabati yataishia wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za taka hatarishi, inataka mzigo wa namna hii uchukuliwe na mwenye kibali. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya NEMC, yaani baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, iko Arusha, na inafaa iulizwe mapema, maana lori likishapakiwa kabla dereva hajajua pa kushusha, mzigo huishia korongoni. Kibali cha ukarabati cha halmashauri kifuatiliwe wakati huohuo. Palipo na shaka, sampuli ipimwe maabara, kwani rangi peke yake haithibitishi kitu.

Kuhusu vibarua, naomba tusiharakishe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga, na kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Inahitajika barakoa inayochuja vumbi laini. Mabati ya zamani huvunjika yakikanyagwa, hivyo mbao za kupitia zitandazwe juu ya kenchi. Yalowanishwe kwanza, nati zifunguliwe bila kugongwa, kisha kila bati lishushwe zima kwa kupokezana na kufungwa kwa nailoni nzito, tabaka mbili. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kwa kuwa mke au mtoto anayezikung'uta huvuta vumbi lilelile.

Kazi ipangwe mbali na masika, kwani anayekimbizana na mvua huvunja. Mifereji inayopeleka maji ya paa kwenye tangi itenganishwe kabla, ili vumbi lisiingie humo.

Jirani akiomba vipande vya kuezekea banda la kuku, asipewe. Nimeliona banda moja la namna hiyo: ukingo wa bati ulikuwa umemeguka, nyuzi zikining'inia kama za katani, na watoto waliokota mayai chini yake.