Somo: Kupiga wimbo wa soul bila mwimbaji, kwa kinanda, besi na dramu

Wapiga kinanda wengi wa Mbeya tumelelewa kanisani, na kanisani tulifundishwa kujaza. Kwaya ikivuta pumzi, tunajaza. Mchungaji akitulia kidogo, tunajaza. Mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unapiga kodi (za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, si za TRA), na mguu haubanduki kwenye pedali. Tabia hiyo ndiyo itakayokusumbua siku mtakapokaa watatu, wewe, mpiga besi na mpiga dramu, mkitaka kuupiga wimbo wa soul kwa namna ya jazi pasipo mtu wa kuimba. Kwa hiyo somo hili ni la kuacha kujaza.

Tutatumia wimbo mmoja tu, "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers, uliotoka mwaka 1971. Ni mfupi, dakika mbili na sekunde chache. Kodi zake hazizidi nne. Na hata mtu asiyejua Kiingereza pale Mwanjelwa anapajua mahali mwimbaji anapokwama kwenye "I know", yaani "najua, najua, najua".

Hatua ya kwanza: sikiliza, kinanda kikiwa kimezimwa

Sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mfuate mwimbaji, na uweke alama kwenye karatasi kila anapovuta pumzi. Mara ya pili mfuate mpiga besi, Donald "Duck" Dunn. Mara ya tatu mfuate mpiga dramu, Al Jackson Jr. Usiwachanganye. Mtu anayesikiliza vyote kwa pamoja hutoka na kodi tu, na kodi si wimbo.

Ile sehemu ya "najua" ina kisa. Withers alikuwa bado kibarua wa kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege, na pale alikusudia kuandika maneno zaidi. Wanamuziki waliokuwa studio, chini ya mtayarishaji Booker T. Jones, wakamwambia aache hivyohivyo. Akaacha. Neno linarudiwa mara 26, na ndicho kipande watu wanachokikumbuka kuliko vyote. Kikumbuke, tutakirudia.

Hatua ya pili: gawaneni nyumba

Pigeni kwenye ufunguo wa A maina, na tafadhali usibonyeze transposi (kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote). Najua sote tumezoea kupiga kila kitu kwenye C na kuiachia mashine kazi. Lakini mpiga besi akisema "A" nawe unatazama C, mtagombana jioni nzima bila sababu.

Duru moja ina vipimo 8, kila kimoja cha mapigo manne. Unakaa kwenye kodi ya Am7, unapita kijia kifupi cha Em7 na G, unarudi Am7. Mnafanya hivyo mara mbili. Kisha Em7, kisha Dm7, kisha nyumbani Am7 kwa kijia kilekile.

Sasa mkono wa kushoto. Jumapili huwa hakuna besi, ndiyo maana umezoea kupiga noti ya msingi huko chini. Hapa besi yupo. Ukimpigia A yake, sauti zenu zitakuwa tope. Mwachie. Kwa Am7 wewe piga G, B, C, E, ukianzia G iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda. Hakuna A hata moja. Mtu akikusikia peke yako atasema umepotea, lakini besi akiweka A chini yake, kodi inasimama, tena ina utamu ambao hukuuzoea. Ukienda Dm7, piga F, A, C, E. Angalia vidole: viwili vya chini vimeshuka hatua moja moja, viwili vya juu havikusogea kabisa. Kwa Em7, G, B, D zinatosha. Kile kijia cha G mwachie besi apite peke yake.

Rudieni hapa juma zima. Nasema kweli, juma zima. Sisi tunafanyia mazoezi kwenye karakana ya seremala kule Uyole, na mwezi Juni vidole vinaganda mpaka tunaosha mikono kwa maji ya moto kwanza. Hata hivyo hatuendi hatua ya tatu mpaka mkono wa kushoto uache kuitafuta A.

Hatua ya tatu: mkono wa kulia uimbe

Toa ile karatasi yenye alama za pumzi. Piga sauti ya mwimbaji kwa kidole kimoja kimoja, na kila alipovuta pumzi, nyanyua mkono kutoka kwenye kinanda. Uunyanyue kweli, usiuache ukielea juu ya vitufe, maana utashawishika. Mtu wa solfa aiimbe kwanza kwa la, do, re, mi, so, ndipo aipige. Ukishindwa kuiimba, bado huijui.

Hatua ya nne: badilisheni kitu kimoja

Hapa ndipo trio nyingi changa zinapoharibu. Zinabadili kodi, mwendo na sauti kwa mpigo mmoja, halafu zinashangaa watu wanaendelea kula pilau.

Mfano wa kuiga ni Ramsey Lewis wa Chicago. Huyu naye alianza kupiga piano kanisani, baba yake akiongoza kwaya. Mwaka 1965, yeye, Eldee Young kwenye besi na Redd Holt kwenye dramu walirekodi "The 'In' Crowd" mbele ya watu, kwenye klabu ya Bohemian Caverns mjini Washington. Wimbo ulikuwa wa Dobie Gray, wa mwimbaji, na ulikuwa moto redioni wakati huohuo. Lewis alisimulia kwamba walikuwa wanatafuta wimbo mmoja wa kufungia orodha yao, na mhudumu wa mgahawa ndiye aliyewaambia wausikilize. Toleo lao lisilo na neno hata moja lilifika nafasi ya 5 kwenye chati kuu ya Marekani. Ukilisikiliza, sauti ya wimbo iko palepale. Kilichobadilika ni uzito wa mdundo, na makofi ya watu yamekuwa ala ya nne.

Kwa wimbo wetu, badilisheni mwendo. Uacheni ule wa mapigo manne, uwekeni kwenye 6/8, ule ambao kila kwaya ya ukanda wetu inaujua hata usingizini. Kodi zibaki. Sauti ibaki. Zaidi ya hapo msiguse kitu.

Hatua ya tano: solo

Duru mbili za kinanda, moja ya besi, basi. Tumia noti za wimbo kwanza, mapambo baadaye.

Hatua ya sita: zile "najua"

Mwanzoni nilikuwa najionyesha hapa. Kila "najua" niliipa kodi yake, 26 tofauti, nikijiona fundi. Kisha tukaitwa kupiga kwenye sherehe ya mahafali, ukumbi mmoja maeneo ya Soweto, hapahapa Mbeya. Tumefika palepale, umeme ukakatika. Kinanda kimya, spika ya besi kimya. Mpiga dramu hakusimama. Gizani mle aliendelea na mdundo wake, na kina mama wa meza ya nyuma wakaanza kuimba "najua" wakipiga makofi. Jenereta ilipowaka sikuthubutu kugusa kitu.

Tangu siku hiyo tunaipiga hivi: dramu peke yake, nami napiga noti moja ya A kwa kidole kimoja, mara 26. Besi anangoja. Anaporudi na Am7, utaona mabega ya watu yanashuka.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wawili tu, kinanda na dramu. Besi hatuna. Tufanyeje?*

Marahaba. Basi hatua ya pili haikuhusu kama ilivyoandikwa. Mkono wa kushoto upige besi halisi, noti moja moja, bila kodi juu yake. Kodi ziende mkono wa kulia chini ya sauti ya wimbo, noti mbili zinatosha: kwa Am7 ni C na G. Itasikika nyembamba. Izoeeni, msiizibe kwa pedali.

*Kutoka Iringa mjini: Kaka, mpiga dramu wetu anatumia vijiti vya kawaida na anatufunika. Brashi za dramu hapa hatuzipati.*

Nunua fagio la chelewa. Chukua njiti kama 20, zikate urefu wa kijiti, zifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli sehemu ya kushikia. Zinapiga kwa upole na sauti yake ni nzuri kuliko utakavyotarajia. Akitaka ule mkwaruzo wa kuzungusha, ngozi laini ya plastiki haitoi kitu; abandike karatasi ya kaki juu ya snea (ile dramu yenye nyaya chini) kwa selotepu. Akiishiwa njiti, asiombe za nyumbani kwa mkewe. Wetu aliomba.

*Kutoka Njombe: Je, tukibadilisha mwendo, wimbo unakuwa wetu? Tuna mwaliko wa hotelini.*

Hapana, dada. Sauti na maneno ni vya mtunzi hata mkiupiga kichwa chini miguu juu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu pia kuupiga mbele ya watu. Muulize mwenye hoteli kama ana kibali cha muziki, na mkikwama wasilianeni na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ulizeni kabla ya kufunga vyombo.

*Kutoka Vwawa: Mzee wa kanisa akisikia kinanda cha kwaya kinapiga nyimbo za dunia?*

Kama kinanda ni cha kwaya, omba ruhusa au usikitumie. Hilo si suala la jazi. Kama ni chako, mwalike mzee mazoezini. Wa kwetu alikuja na uso wa kesi, akakaa, akasema 6/8 yetu inakimbia. Alisema kweli, tulipunguza.

*Kutoka Uyole, jirani kabisa: Watu wakianza kuimba "najua" na kupitiliza 26, nani anasimamisha?*

Mpiga dramu, kwa pigo moja zito la besi dramu, na nyote mnaingia kwenye Am7. Msihesabu nyote watatu, ahesabu yeye. Jumamosi iliyopita tulifika 31 kabla hajatuonea huruma.