Kompyuta ya kwanza ya kujiundia: usibane pesa kwenye pawa saplai

Bajeti ikiwa finyu, usianze na kadi ya michoro, yaani kifaa cha pekee cha kutengeneza picha za skrini. Anza na prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye michoro ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya AMD; inatosha kwa kazi za ofisi, video na michezo mepesi, na kadi utaongeza siku ukijaliwa. Angalia herufi: Ryzen 5 5600 isiyo na G haitoi picha yenyewe, wala prosesa za Intel zinazoishia na F. Nimeona watu wakiunganisha kila kitu sawasawa, skrini ikabaki nyeusi, wakadhani wameunguza mashine.

Madabodi, bodi kuu inayounganisha vipande vyote, lazima ioane na prosesa. Soketi ni pale prosesa inapokaa: ya AM4, ambayo ndiyo ya 5600G, hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4, AM5 hutumia DDR5 tu, na RAM hizo haziingiliani kabisa. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana michoro ya ndani huazima RAM hiyohiyo, na viwili vikifanya kazi pamoja kasi huongezeka waziwazi.

Sasa pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipande vyote. Zile za bei ya kutupa zinazokuja ndani ya kasha, nakusihi ziache. Ikifa vibaya huweza kuondoka na madabodi na diski. Tafuta yenye dhamana ya miaka kadhaa. Wati 550 zinatosha hata ukiongeza kadi ya wastani baadaye, na unaweza kuihamishia kwenye kompyuta yako ijayo.

Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani zinazozunguka, hata ndogo. Kasha, lolote linalopitisha hewa vizuri.