Mgongo Bado Unauma Baada ya Upasuaji wa Diski: Pa Kuanzia

Upasuaji wa diski ya kiuno, yaani mto laini ulio kati ya pingili, hufanywa hasa kwa ajili ya maumivu ya mguu. Daktari huondoa kipande kilichotokeza na kubana neva, mara nyingi kati ya pingili za chini kabisa za kiuno (L4 na L5, au L5 na S1), na maumivu ya kushuka mguuni ndiyo yanayopoa kwanza. Diski iliyochakaa inabaki palepale, na misuli iliyosogezwa kando huhitaji wiki 6 hadi 12 kutulia. Kwa hiyo kiuno kinachouma wiki ya nne si ushahidi kwamba upasuaji umeshindikana. Ganzi huchelewa zaidi: neva iliyojeruhiwa hukua takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni karibu mita nzima.

Kabla ya mazoezi wala dawa, hakikisha huna dalili hizi. Ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, au unyayo kulegea hadi unauburuza: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nenda siku hiyohiyo ukiwa na homa, kidonda kinachotoa usaha, au maumivu makali ya mgongo yanayorudi ndani ya wiki chache za kwanza na kukufanya ushindwe hata kugeuka kitandani. Hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya diski. Eksirei ya mapema huweza kuonekana safi, kwa hiyo omba vipimo vya damu vya CRP na ESR, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini. Kichwa kinachouma ukisimama na kupoa ukilala, pamoja na maji mepesi kidondani, ni dalili kwamba utando wa uti wa mgongo unavuja. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, huenda damu imeganda mshipani.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, angalia maumivu yanakaa wapi. Yakirudi kushuka mguuni baada ya wiki kadhaa nzuri, huenda diski imetokeza tena. Au ni kovu lililozingira neva. MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, yenye sindano ya dawa ya kung'arisha picha husaidia kutofautisha, kwa sababu kovu lina mishipa ya damu na hunyonya dawa hiyo, diski hainyonyi. Tofauti hii ina uzito mkubwa: kukata kovu kwa kawaida huzaa kovu jingine. Maumivu ya kiunoni tu, yanayozidi ukisimama muda mrefu au ukijipinda kwenda nyuma, mara nyingi hutoka kwenye viungo vidogo nyuma ya pingili. Ya kuungua, kama shoti ya umeme au siafu wanaotembea, ni ya neva, na hayo parasetamoli haiyawezi.

Sasa kazi za nyumbani, maana hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Wiki 6 za kwanza usinyanyue zaidi ya kilo 2 hadi 5, yaani dumu la lita 5 ndilo kikomo, nalo lishike karibu na mwili. Beseni la kufulia liwe juu ya meza. Fagio lifungwe kwenye mpini mrefu. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali. Choo cha kuchuchumaa wekea kiti chenye tundu, na anayeswali aswali akiwa amekaa kitini hadi aweze kusujudu bila maumivu. Bodaboda ziache kwanza. Kwenye daladala epuka siti za juu ya matairi ya nyuma. Usikae zaidi ya dakika 30 bila kusimama.

Kutoka kitandani: kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, shusha miguu huku ukijisukuma kwa mkono. Usiinuke moja kwa moja kutoka chali.

Kutembea ndiyo dawa kuu. Anza dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, kwenye ardhi tambarare. Kila baada ya siku mbili tatu ongeza dakika 2, hadi ufike dakika 30 mfululizo. Daktari akikuruhusu mazoezi, ongeza haya. Lala chali, magoti juu, kaza tumbo chini ya kitovu bila kuzuia pumzi, sekunde 10, mara 10. Kisha inua nyonga, shikilia sekunde 5, mara 8. Baadaye piga magoti huku viganja vikiwa chini, nyoosha mguu mmoja nyuma bila kiuno kuyumba.

Maumivu kuongezeka kidogo ni kawaida. Yakipanda zaidi ya alama 2 kati ya 10 na asubuhi yake bado yapo, punguza mazoezi kwa nusu, lakini usiache. Kosa tunaloliona sana ni mtu kupata siku moja nzuri, akafua nguo za nyumba nzima, kisha akalala siku tatu. Misuli inalegea, na mzunguko unaanza upya. Mkanda wa kiuno ukivaliwa miezi nao hulegeza misuli vilevile.

Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Usimeze ibuprofeni na diklofenaki pamoja: tumbo na figo ndivyo vinavyoumia. Kwa maumivu ya neva daktari huweza kuanza na amitriptilini miligramu 10 usiku, akiongeza polepole. Mwambie kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume. Usimruhusu mkandaji akuvunje mgongo.

Ikifika miezi 3 bila nafuu, rudi kliniki na daftari lenye dakika ulizotembea na alama za maumivu, pamoja na ripoti ya upasuaji. Ukipendekezewa upasuaji wa pili, uliza: picha inaonyesha kitu kinachobana neva ileile inayouma? Kama jibu ni hapana, omba maoni ya daktari mwingine kwanza.